Meza ya Samaki Chini ya Kilima cha Old Kampala

Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliofika Buganda katika zama za Kabaka Suuna, akiwamo Ahmed bin Ibrahim kunako mwaka 1844, na Snay bin Amir wa Unyanyembe mwaka 1852, hawakuwa na haja ya kuuliza chakula kinauzwa wapi, kwa kuwa walikuwa wageni wa mfalme, na riziki ya mgeni wa mfalme, yaani ndizi, mbuzi na kuku, ilitoka katika mashamba ya raia kwa amri, naye mgeni akaishukuru kwa bafta na shanga. Kulipa kwa ajili ya sahani iliyokwisha kupikwa, kisha kula na kuondoka bila ya kuwiwa fadhila na mtu, ni ada iliyokuja nyuma. Na ukitaka kuitafuta asili yake katika mji wa Kampala, nadhani ni lazima uanzie kwenye kilima cha Old Kampala.

Desemba 1890 Kapteni Lugard alipiga kambi yake juu ya kilima hicho kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza, akajenga ngome, akiwa pamoja na askari Wasudani na wapagazi Waswahili, na mwaka uliofuata akaongeza Wasudani wengine wengi aliowatoa Kavalli, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta, waliokuja na wake zao na watoto wao. Watu hao hawakuwa wageni wa mtu yeyote. Hawakuwa na shamba wala ukoo hapo, na kwa ada ya misafara mtu wa namna hiyo hupewa posho, akajinunulia mwenyewe chakula chake kwa kauri au kwa nguo. Vitabu vyetu vya tarikh vimetaja kila bunduki iliyolia katika vita vya Mengo vya tarehe 24 Januari 1892, walakini havikumtaja mwanamke aliyekaa chini ya ngome ile na chungu chake, akawauzia askari kitoweo. Nami nasikitika, kwa sababu kazi ya mwanamke yule ingali ikiendelea katika mitaa ile hata leo, ilhali ngome imekwisha bomolewa.

Ama samaki wenyewe, ziwa haliko mbali; kutoka Munyonyo na Ggaba ni mwendo wa kilomita kumi hivi. Walakini jua la mchana na kichwa cha mchukuzi havikumwacha samaki afike akiwa mbichi kila siku, kwa hiyo aghalabu aliyepanda huku alikuwa amekaushwa kwa moshi, au ni furu wadogo waliotungwa katika vijiti, ambao Waganda huwaita nkejje na kuwasifu kuwa ni dawa ya watoto. Wala si kila samaki alikuwa halali kwa kila mtu: kamongo ni mwiko kwa watu wa ukoo wa Mmamba, ukoo uleule wa Gabunga, amiri wa mitumbwi ya Kabaka. Mtu wa pwani aliyezoea samaki wa kupaka aliikosa nazi huku bara, lakini alimkuta samaki wa moshi akipikwa katika mchuzi mzito wa karanga, akiliwa na ndizi zilizovukishwa ndani ya majani yake, nami nathubutu kusema kwamba huyo ndiye samaki bora wa Kampala, ijapokuwa leo yule wa kukaanga amemfunika kwa umaarufu.

Kukaanga kulitaka mafuta mengi na karai, na vitu hivyo vilizidi kupatikana baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901 na meli kuanza kuvuka ziwa na bidhaa za maduka ya Wahindi, ambao Alidina Visram alikuwa mkubwa wao. Wahindi walijaza maduka katika miteremko ya Old Kampala, wakajenga mahekalu, jamatkhana na shule, na pamoja nao zikaja hoteli ndogo za chai, sambusa na pilipili. Mwaka 1931 gari la moshi la kutoka pwani likafika Kampala yenyewe, na mji ukajaa makarani, mafundi na madereva ambao saa sita ya mchana huwakuta mbali na nyumba zao.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo mlaji wa leo halijui. Anapoketi na kumchagua sato mzima katika sinia, akamwona akikatwa chale tatu ubavuni, akipakwa chumvi na ndimu, akitumbukizwa katika mafuta mpaka mapezi yakawa makavu ya kuvunjika, kisha akaletewa pamoja na kachumbari na birika la kunawia mikono, hudhani kwamba anakula chakula cha kale cha ziwa hili. Siyo. Nyavu za kigeni zilizoingia katika ghuba ya Kisumu mwaka 1905 zilimvua kwa pupa ngege, sato wa asili wa ziwa hili, hata serikali ikamtuma mtaalamu wa samaki Michael Graham mwaka 1927 kuchunguza kwa nini amepungua. Na katika miaka ya 1950 akaletwa sato wa Naili, ambaye ndiye huyu wa karai, na vilevile sangara, aliyewala furu hata zaidi ya aina mia mbili za samaki hao zikadhaniwa zimetoweka kabisa. Meza ile, basi, ni kongwe kuliko samaki aliye juu yake.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi, akiwapa siku tisini za kuondoka, na katika miaka ya dhiki iliyofuata, mafuta ya kupikia yalipokuwa ya magendo, karai zilinyamaza. Mwaka uleule wa 1972 ulianzishwa msikiti mkuu juu ya kilima, ambao ulikaa gofu miaka mingi hata ukafunguliwa mwaka 2007 kwa fedha za Libya, na siku ya Ijumaa halaiki ya waumini hutelemka kutafuta chakula. Huko chini Kisenyi wengi watakaowapikia ni Wasomali, waliokimbia vita vya kwao, wanaopakua wali na tambi na ndizi mbivu kando, na samaki akiwapo. Nao, kama wale wa ngome, walifika bila shamba wala ukoo.

Minofu ya sangara sasa hupanda ndege Entebbe kwenda Ulaya, na mwaka 2017 wanajeshi waliletwa kulinda ziwa, wakawakamata wavuvi wenye sato asiyefika inchi 11. Sheria hiyo ya kipimo naiunga mkono, maana ziwa limevuliwa kupita kiasi. Lakini sato halali amekuwa ghali, na mchukuzi wa Kisenyi ambaye zamani angemnunua mzima, leo huagiza nusu, au hula dagaa.