Swali la Kiamu Mbele ya Kompyuta

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi programu za kufasiri maswali ya hazina za data zilivyoingia katika uchunguzi wa Kiswahili, na kuonyesha zinapokwama. Mfano ni Kiamu, lahaja isikikayo Lamu na ng'ambo yake ya bara, Mokowe, ambako wasafiri huacha magari na kupanda mashua.

Mwaka 1970 E. F. Codd wa kampuni ya IBM alipendekeza data zipangwe katika majedwali. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyo hiyo, walitoa lugha ya kuulizia majedwali hayo, SEQUEL, iliyokuja kuitwa SQL. Programu inayofasiri swali jepesi la namna hii ina kazi tatu: hulikata swali katika maneno, huupima mpangilio wake kwa kanuni za sarufi, kisha huyapitia majedwali na kuteua mistari inayotimiza sharti. Msingi wa uteuzi huo ni kulinganisha herufi; maana haimo.

Kwa Kiswahili hilo halitoshi. Atafutaye jicho hapati macho, wala atafutaye soma hapati walisomeshwa. Watunga kamusi walikwisha kukutana na tatizo hili: kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilikusanya minyambuliko chini ya shina lake. Kwa upande wa kompyuta, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kuunda programu ya kuchambua mofolojia ya Kiswahili, iliyojulikana kwa jina la SWATWOL. Programu ya aina hiyo hutenga viambishi na kutambua shina, hata umoja na wingi vikajibiwa pamoja.

Lakini shina la nani? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ikautekeleza uamuzi huo. Programu iliyojengwa juu ya kamusi sanifu huurithi. Kiamu husema ito na mato kwa jicho na macho, mtele kwa mchele, ndia kwa njia. Maandishi ya Kiamu yakiwa ndani ya hazina, swali la njia litapita ndia bila kuitambua, na mchunguzi ataambiwa hakuna. Jibu hilo huweza kuandikwa kuwa ushahidi kwamba neno halikutumika.

Kugeuza kila t kuwa ch si dawa, maana mtu na mti hayabadiliki katika Kiamu. Tena tini ya Kiamu ni chini, ilhali tini ya kamusi sanifu ni tunda. Kanuni ya sauti pekee haiwezi kuamua. Yahitajiwa orodha ya maneno iliyokaguliwa na wasemaji wenyewe.

Yafaa basi kila jedwali liwe na nafasi tatu: neno lilivyoandikwa au kutamkwa, umbo lake sanifu, na lahaja yake. Swali lipite katika nafasi zote. Umbo la asili lisifutwe kamwe kwa ajili ya wepesi, kwani lililosanifishwa wakati wa kuingizwa haliwezi tena kuulizwa. Usanifishaji wa vitabu uliziacha lahaja nje ya kurasa; usanifishaji wa hazina waweza kuziacha ndani, zisionekane.