Waliogombania hatua chache kwenye ramani ya Gettysburg

Kila mwaka msimu wa Julai unapowadia, mashamba ya pembezoni mwa Gettysburg, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, hufuka moshi wa baruti. Watu waliovaa sare za bluu na za kijivu hujipanga mistari, hufyatua bunduki zisizo na risasi, huanguka, kisha huinuka na kujipangusa vumbi. Wanaigiza mapigano ya Julai 1 hadi 3, 1863, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, ambamo askari wapatao 51,000 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au hawakuonekana tena. Watazamaji huja kwa ajili ya mizinga. Ni wachache wanaouliza nani aliyejua kwamba kikosi fulani kilisimama pale hasa, wala si bondeni.

Aliyejua, au aliyetumia maisha yake kutafuta kujua, ni John Badger Bachelder wa New Hampshire. Hakuwa askari bali mchoraji. Alifika Gettysburg siku chache baada ya bunduki kunyamaza, akakaa siku 84 akipita uwanjani na karatasi zake, akiwauliza majeruhi hospitalini walikuwa wapi na walimwona nani kushoto na kulia kwao. Baadaye aliwafuata maofisa wa jeshi la Kaskazini kambini ili azungumze nao kikosi kwa kikosi. Mchoro wake wa kwanza ulionyesha uwanja wote kama unavyoonekana kutoka angani. Mwaka 1876 zilitoka ramani zake tatu, moja kwa kila siku ya vita, zilizojengwa juu ya vipimo vya ardhi vilivyosimamiwa na Jenerali Gouverneur Warren. Bunge la Marekani lilimpa dola 50,000 mwaka 1880 aandike historia ya vita hivyo.

Kwa miaka mingi aliandikiana barua na wapiganaji wa zamani. Barua hizo ndizo tegemeo kuu la makala haya, na ukizisoma unaelewa kwamba kwa wazee wale ramani haikuwa karatasi tu. Ilikuwa heshima yao na ya wenzao waliozikwa pale.

Hakuna kisa kinacholidhihirisha hilo kuliko cha Rejimenti ya 72 ya Pennsylvania. Julai 3, askari wa Kusini wapatao 12,500 walivuka uwanja wazi kuuendea ukuta mfupi wa mawe katika shambulio linaloitwa la Pickett, jenerali wa Kusini. Baadhi yao wakauruka. Rejimenti ya 72 ilikuwa ya akiba, nyuma ya ukuta. Kamanda wa brigedi, Jenerali Alexander Webb, aliiamuru isonge mbele. Askari wakabaki wakifyatua palepale waliposimama, hata Webb akajaribu kuichukua bendera mikononi mwa mbebaji ili awaongoze mwenyewe. Mwishowe walisonga, na adui akarudishwa.

Zaidi ya miaka 20 baadaye ukaja wakati wa kuweka minara. Chama kilichoutunza uwanja, ambacho Bachelder alikuwa msimamizi wake wa maandishi ya minara, kilikuwa na kanuni: mnara unakaa pale kikosi kilipopangwa kwenye mstari wa vita, si pale kilipofika katika kusonga mbele. Kwa Rejimenti ya 72 maana yake ilikuwa nyuma, mbali na ukuta. Wazee wakakataa katakata. Mwaka 1888 walianza kuchimba msingi ukutani, na mmoja wao akakamatwa kwa kuingia mahali pasiporuhusiwa. Wakaenda mahakamani. Webb, jenerali wao wenyewe, alitoa ushahidi usiowapendeza. Wenzao wa Rejimenti ya 69, walioushikilia ukuta tangu mwanzo, nao hawakufurahi kuona sifa yao ikigawanywa.

Mwaka 1891 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iliwapa ushindi wazee wa 72, na Julai 4 mnara ukazinduliwa ukutani: askari wa shaba ameinua bunduki kwa mtutu, tayari kupiga kwa kitako. Ndiye anayeonekana kwenye sarafu ya senti 25 ya mwaka 2011. Kwa maoni yangu Bachelder alikuwa sahihi kuhusu kanuni, lakini siwezi kuwalaumu wazee. Walichokataa ni kusomwa na wajukuu zao kama watu waliobaki nyuma.

Bachelder alifariki mwaka 1894. Barua zake zilikaa New Hampshire karibu karne nzima kabla ya kuchapishwa kwa ukamilifu miaka ya 1990, uzembe ambao kazi ya namna ile haikuustahili.

Kabla ya barua hizo kuchapishwa, uwanja ulikuwa umekwisha kuwa mahali pa kumbukumbu na maigizo. Mwaka 1913 zaidi ya wazee 50,000 wa pande zote mbili walikusanyika, na waliosalia wa shambulio la Pickett walipeana mikono juu ya ukuta uleule. Mwaka 1922 askari wa majini wapatao 5,000 waliliigiza shambulio hilo Julai 3 kwa mtindo wa 1863, kisha kesho yake wakalirudia kwa vifaru na ndege.

Igizo kubwa la mapigano mengine ya vita hivyo, ya Manassas, Virginia, mwaka 1961, lililofanyika kwenye uwanja wenyewe wa vita, liliwakera wahifadhi. Leo maigizo ya majeshi mawili kupambana hayaruhusiwi katika hifadhi za taifa za Marekani, kwa hiyo waigizaji hutumia mashamba ya watu binafsi. Hapo ndipo kazi ya ramani inapokuwa ngumu. Mwandaaji hutafuta mwinuko unaokaribiana na ule wa kweli, hupunguza rejimenti nzima iwe watu kadhaa, huweka ua au ukuta wa kuigiza, halafu hutenga nafasi mbele ya mizinga, njia ya gari la wagonjwa na kamba ya watazamaji. Mwaka 2013, vita vilipotimiza miaka 150, yalifanyika maigizo mawili makubwa yaliyopishana kwa wiki moja, kila moja na waandaaji wake na shamba lake.