Centralia: Moto Ulioshinda Bajeti

Watu wengi wakitajiwa Centralia hufikiria sinema za kutisha: lami iliyopasuka, moshi unaotoka ardhini, mji bila watu. Mimi nikisoma historia yake, kinachonitisha ni bajeti.

Centralia ulikuwa mji mdogo wa wachimba migodi katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1960 ulikuwa na watu zaidi ya 1,400. Chini ya nyumba zao kulikuwa na makaa ya mawe, pamoja na mahandaki yaliyoachwa na vizazi vya wachimbaji. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba Mei 1962 jaa la taka lilichomwa ili kusafisha mji kabla ya sikukuu. Jaa lenyewe lilikuwa ndani ya shimo la machimbo ya zamani. Moto ukapata upenyo, ukaingia kwenye makaa.

Hapo bado ulikuwa moto wa kuzimika. Jimbo lilitoa kandarasi ya kuuchimbua, kama dola 20,000 hivi. Pesa zikaisha kabla kazi haijaisha. Wakajaribu kujaza mawe yaliyosagwa chini ya ardhi. Pesa zikaisha tena. Kufikia 1983, uchunguzi ulionyesha kwamba kuuchimbua wote kungegharimu zaidi ya dola milioni 600. Ile methali ya ufa na ukuta, hii ndiyo hesabu yake.

Na wakati hesabu zinapigwa, watu walikuwa wanaishi pale. Mwaka 1979 meya, ambaye alikuwa na kituo cha petroli, alipima tangi lake la chini ya ardhi. Kumbe petroli ilikuwa imefika karibu nyuzi 78 za Selsiasi! Mwaka 1981 ardhi ilifunguka chini ya mvulana wa miaka 12 kwenye uwanja wa nyanya yake. Alishikilia mizizi ya mti mpaka binamu yake akamvuta. Ndani ya nyumba kadhaa, kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, ilikuwa inapenya polepole.

Ungedhani hatari kama hiyo inaunganisha watu. Wapi! Aliyeingiliwa na gesi alitaka kuhama hata jana. Jirani ambaye kwake hewa ilikuwa safi alimwona mwoga. Wengine waliamini serikali inataka tu makaa yaliyo chini yao. Mimi siwacheki. Ukishaona miaka 20 ya miradi inayoishia njiani, utaamini vipi tangazo linalofuata?

Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 42 kuwahamisha. Wengi wakaondoka, nyumba zao zikabomolewa. Mwaka 1992 jimbo likatumia sheria kutwaa mali iliyobaki. Mwaka 2002 posta ikafuta nambari ya mji. Wachache waliogoma kuhama walipigania haki yao kortini, na mwaka 2013 wakaruhusiwa kubaki hadi kufa.

Juu ya kilima bado kuna kanisa la Wakatoliki wa Kiukreni, lililojengwa mwaka 1911. Wataalamu walipopima chini yake walikuta mwamba, si makaa, basi likaachwa. Waumini hutoka miji mingine kuja kusali. Chini ya bonde moto unaendelea, na inakadiriwa unaweza kuwaka zaidi ya miaka 200. Hao wazee hawakubaki kwa sababu hawakuuona. Walibaki kwa sababu pale ndipo kwao, na hakuna kandarasi iliyowahi kuweka bei ya hilo.