Mtoto wa Shamba la Mkonge

Usidhani, msomaji, kwamba sheria za nchi hutungwa na watu waliozaliwa penye vitabu tu. Tazama maisha ya Tom Mboya.

Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mtu wa Kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, ambacho leo kimo katika Kaunti ya Homa Bay. Zamani zile kodi ya Serikali ilidaiwa kwa fedha, na jembe la nyumbani halikuleta fedha ya kutosha. Kwa hiyo wanaume wengi wa Nyanza walihamia mashamba ya walowezi. Ndiege naye alikwenda Kilima Mbogo, karibu na Thika, akafanya kazi katika shamba la mkonge. Huko ugenini ndiko Tom alikozaliwa, tarehe 15 Agosti 1930.

Alisoma Kabaa, Yala na Mang'u, mpaka karo ikamshinda baba. Basi akajifunza ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Siku moja mwanamke wa Kizungu aliingia maabarani, akamkuta yu kazini, akauliza kama pana mtu. Mshahara wake nao ulikuwa chini sana ya ule wa Mzungu wa kazi ile ile.

Dhuluma iliyoandikwa katika kanuni huondolewa kwa kanuni nyingine, na Mboya akaishika njia hiyo. Makuli wa Mombasa walipogoma mwaka 1955, aliwatetea katika usuluhishi, ingawa hakuwa wakili. Mishahara ikaongezwa kwa theluthi moja hivi. Mwaka 1957, katika uchaguzi wa Nairobi, alimshinda wakili hasa, C. M. G. Argwings-Kodhek. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba.

Lakini mpime pia kwa kazi yake. Alisimamia mabadiliko yaliyoifanya Kenya kuwa Jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, na kuyanyang'anya majimbo mamlaka yao. Wengine waliona umoja; wengine waliogopa nguvu nyingi kukusanywa mahali pamoja. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi, akazikwa Rusinga. Katiba ya mwaka 2010 ilirudisha sehemu ya mamlaka mashinani, katika kaunti 47, Homa Bay na jirani yake Migori zikiwamo.

Basi, kijana, usomapo sheria yo yote, uliza nani aliitunga, na kwa faida ya nani. Sheria ni kazi ya watu, na watu waweza kuitengeneza upya.