Makadirio ya mapato ya filamu: Wanaokisia na wasiohesabiwa

Mwishoni mwa mwaka 2017, wakadiriaji wa soko la filamu nchini Marekani walisema kwamba Black Panther ingeingiza kati ya dola milioni 80 na 90 katika siku zake tatu za mwanzo kwenye majumba ya sinema ya nchi hiyo. Januari 2018 ilipokaribia kwisha, walikuwa wameipandisha hesabu hiyo hadi kati ya milioni 100 na 120. Tarehe 13 Februari filamu hiyo ikaonyeshwa Kisumu, katika kaunti iliyokuwa ikiongozwa na Gavana Anyang' Nyong'o, babake mwigizaji Lupita Nyong'o. Siku tatu baadaye ikafunguliwa Marekani, na kufikia Jumapili jioni ilikuwa imevuna takriban dola milioni 202. Ilipomaliza mzunguko wake duniani ilikuwa imepita dola bilioni 1.3.

Hesabu ya kwanza, basi, haikufika hata nusu ya kilichopatikana. Waliokosea hawakuwa wapiga ramli. Ni kampuni zinazolipwa na studio kubwa kufanya kazi hiyo mwaka mzima, na makosa yao yana gharama. Kwa kufuata makadirio hayo studio huamua itumie kiasi gani kwa matangazo, naye mwenye jumba la sinema huamua filamu ipewe kumbi ngapi na maonyesho mangapi kwa siku. Filamu iliyokadiriwa chini huwafukuza watu mlangoni kwa kukosa viti. Iliyokadiriwa juu huacha viti vitupu ambavyo vingekaliwa na watazamaji wa filamu nyingine.

Kazi yenyewe huanza wiki tatu au nne kabla ya filamu kutoka. Watu huulizwa kama wameisikia filamu fulani, kama wanataka kuiona, na kama ndiyo wangeichagua mbele ya nyingine za wiki hiyo. Majibu hugawanywa kwa umri na jinsia, kisha hulinganishwa na majibu yaliyopatikana kwa filamu za nyuma zinazofanana na ile inayongojewa. Hapo ndipo penye udhaifu. Black Panther ililinganishwa na filamu nyingine za mashujaa wa katuni, ilhali sehemu kubwa ya waliomiminika kuitazama hawakuwa wateja wa kawaida wa filamu hizo. Walikuwa familia nzima za Wamarekani weusi, vikundi vya makanisa na wanafunzi waliolipiwa tiketi. Hapakuwa na filamu ya awali ya ukubwa huo ya kuilinganisha nayo.

Tangu intaneti ienee, njia nyingine zimeongezwa. Mwaka 2010, Sitaram Asur na Bernardo Huberman wa maabara za kampuni ya HP walichunguza takriban jumbe milioni 2.9 za Twitter kuhusu filamu 24, wakaonyesha kwamba kasi ya watu kuitaja filamu kabla haijatoka hubashiri mapato ya siku za mwanzo vyema kuliko ile bahasha ya dola za kuchezea iliyokuwa ikitegemewa, ambayo itaelezwa hapa chini. Mwaka 2013 kampuni ya Google nayo ilitangaza kwamba utafutaji wa vionjo vya filamu, ukihesabiwa wiki nne kabla na kuunganishwa na msimu wa mwaka pamoja na kama filamu ni mwendelezo wa nyingine, ungeweza kueleza asilimia 94 ya tofauti za mapato ya wikendi ya kwanza. Tarakimu hiyo ilinukuliwa sana magazetini. Iliyosahaulika ni kwamba inahusu wikendi ya kwanza tu.

Kati ya wikendi ya kwanza na jumla ya mwisho pana safari ndefu. Avatar ya James Cameron ilifunguliwa Desemba 2009 kwa dola milioni 77 Marekani na Kanada, kiasi cha kuridhisha lakini si cha kutisha. Iliendelea hadi karibu milioni 750 katika nchi hizo mbili, yaani karibu mara kumi. The Marvels ya Novemba 2023 ilianza na milioni 46 ikaishia takriban milioni 84.5, haikufikisha hata mara mbili. Kwa filamu kubwa za kawaida wakadiriaji huzidisha wikendi ya kwanza kwa mbili na nusu au tatu. Alama wanazotoa watazamaji wenyewe wakitoka ukumbini, ambazo kampuni ya CinemaScore imekuwa ikizikusanya tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, husaidia kujua filamu ipi itadumu. Lakini alama hizo huja filamu ikiwa imekwisha kutoka, wakati ambapo fedha za matangazo zimekwisha kuteketea.

Bei ya kukisia vibaya haijapata kuonekana waziwazi kuliko kwa Titanic. Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 200, kiasi ambacho hakikuwahi kutumika kwa filamu yoyote kabla yake. Iliahirishwa kutoka Julai hadi Desemba 1997, na magazeti yakaanza kuiandikia tanzia mapema. Studio ya Fox, ikihofia hasara, ilikuwa imeiuzia Paramount haki za Marekani na Kanada kwa mchango wa dola milioni 65 tu. Titanic ikaongoza soko la Marekani kwa majuma 15 mfululizo, na pamoja na maonyesho ya marudio imepita dola bilioni 2.2 duniani. Fox haikukosa faida, kwa kuwa ilibaki na nchi nyingine zote, lakini milioni 65 zile zilimnunulia mshirika wake mgodi wa dhahabu.

Msomaji anayeona mabilioni haya akumbuke kwamba mapato si faida. Jumla inayotangazwa ni fedha zilizolipwa dirishani. Kwa wastani nusu hivi hubaki kwa wenye majumba, na nchini China studio ya kigeni hupata takriban robo tu. Gharama za matangazo nazo hazimo katika bajeti inayotajwa. Ndiyo maana filamu husemwa imerudisha fedha zake ikiwa imeingiza mara mbili au mbili na nusu ya gharama za kuitengeneza. John Carter ya mwaka 2012 iliingiza zaidi ya dola milioni 280, na bado Disney ililazimika kutangaza hasara ya takriban milioni 200.

Wapo waliotaka kubashiri huku kufanywe biashara kamili. Mwaka 1996 ulianzishwa mtandao wa Hollywood Stock Exchange, ambako watu hununua na kuuza hisa za filamu zijazo kwa fedha za kuchezea. Bei za hisa hizo zilikaribia ukweli kiasi kwamba kampuni ya fedha ya Cantor Fitzgerald iliununua mtandao huo mwaka 2001, ikinuia kuleta siku moja biashara ya fedha halisi. Wasimamizi wa masoko ya bidhaa walipotoa kibali mwaka 2010, studio zilikuja juu. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu aliyewekeza kwenye anguko la filamu angekuwa na kila sababu ya kuieneza sifa mbaya. Bunge la Marekani likaziunga mkono, na katika sheria ya fedha ya Julai 2010 mikataba ya mapato ya filamu ikapigwa marufuku. Bidhaa nyingine pekee iliyokuwa na marufuku ya namna hiyo ni vitunguu, tangu 1958, baada ya walanguzi wa Chicago kulihodhi soko lake. Filamu na vitunguu vikajikuta chungu kimoja.

Mchumi Arthur De Vany, aliyechunguza na mwenzake W. David Walls takriban filamu 2,000, alifikia hitimisho ambalo wakadiriaji hawalipendi. Filamu chache mno huvuna sehemu kubwa mno ya fedha zote, hivyo wastani wa mapato hauelezi filamu yoyote hususa. Waigizaji maarufu huisaidia filamu kupewa kumbi nyingi, ila hawawezi kuihakikishia umri. Kinachoamua ni maneno ya aliyeitazama Ijumaa kwa jirani yake Jumatatu. Dangal, filamu ya India ya 2016, iliingiza fedha nyingi zaidi China kuliko India kwenyewe. Katuni ya Kichina Ne Zha 2 ya Januari 2025 ilipita dola bilioni 2, karibu zote zikitoka ndani ya China.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ufundi wa kukisia ulikuwako kabla ya kompyuta. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu sinema Tanzania, ameeleza jinsi wenye majumba ya Zanzibar na Dar es Salaam walivyoijua hadhira yao kwa sura na kwa mitaa. Walijua kwamba filamu ya Kihindi yenye nyimbo na machozi, kama Awara ya Raj Kapoor ya 1951, ingejaza ukumbi Jumapili, na kwamba yafaa kuwatengea wanawake maonyesho yao. Nakala moja iliweza kuhudumia majumba mawili kwa usiku mmoja: kijana wa baiskeli alichukua gurudumu la mkanda lililokwisha kuonyeshwa hapa na kulikimbiza kule. Ulanguzi wa tiketi nje ya mlango ulikuwa kipimo cha soko kisichodanganya.

Majumba hayo yalipofifia, hesabu nayo ilififia. Katika Bongo Movie ya miaka ya 2000, msambazaji wa Dar es Salaam kwa kawaida alimlipa mtayarishaji bei moja akachukua haki zote, na mtayarishaji hakupata kujua nakala ngapi ziliuzwa. Kipimo kikawa sura iliyo kwenye jalada. Sura ya Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, iliuza yenyewe. Nchini Kenya, vibanda vya video vilijazwa na filamu za Marekani, Hong Kong na India zilizosimuliwa upya na DJ Afro. Mteja aliuliza kwanza nani kasimulia, si nani kaigiza. Hakuna studio ya ng'ambo iliyopata kuingiza hilo katika makadirio yake.

Wala hakuna iliyopata kukihesabu kijiji cha Kipungani. Kijiji hicho kiko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kando ya mkondo unaokitenga kisiwa na bara, na hufikiwa kwa mashua au kwa mwendo wa miguu. Jumba la sinema hakina. Kumbi za Mombasa, zinazopokea filamu mpya pamoja na miji mingine ya dunia, ziko zaidi ya kilomita 300, na safari yake yataka mashua na basi. Filamu hufika kama zifikavyo katika vijiji vingi vya pwani: kwa televisheni ya setilaiti, kwa flashi, kwa simu ya mkononi, pengine miezi mingi baada ya wakadiriaji kufunga daftari. Mtazamaji wa namna hiyo aweza kuipenda filamu kuliko aliyelipa Nyali, lakini katika mapato ya dunia yeye ni sifuri.

Kipungani inajulikana kwa mikeka. Wanawake husuka ukili wa miyaa, kisha huushona kuwa mkeka, na kabla ya kushona mwenye mkeka huwa anakijua kiwango cha bei, maana mikeka mingine ya namna hiyo ipo madukani mjini Lamu. Mkeka ukikosa mnunuzi hutandikwa nyumbani. Filamu isiyouzika haina matumizi ya pili, na mtayarishaji wa Kenya anayetaka kuijua bei yake kabla ya kutengeneza hana duka la kuchungulia.

Chukua mfano wa Subira, filamu ya 2018 iliyoelekezwa na Ravneet Chadha, ikimhusu msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini katika jamii isiyomruhusu. Kenya iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar kwa mwaka wa 2019. Mkadiriaji angeilinganisha na nini? Filamu ndefu zilizotangulia zenye kuwaweka watu wa visiwa hivyo mbele zahesabika kwa vidole, na wale ambao wangeitambua bahari ile kwa harufu wanaishi mbali na tiketi.

Mwaka 2018 ulileta fumbo jingine. Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ilipigwa marufuku mwezi Aprili na Bodi ya Kuainisha Filamu, muda mfupi kabla haijawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes. Tarehe 21 Septemba Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku saba ili filamu itimize sharti la kuwania Oscar, kwa watazamaji watu wazima pekee. Tiketi zikamalizika Nairobi, maonyesho yakaongezwa, na foleni zikapita matarajio yote. Ni kiasi gani cha foleni hizo kililetwa na filamu yenyewe na kiasi gani na marufuku, hakuna hesabu iwezayo kutenganisha. Kipimo cha kawaida cha wakadiriaji ni kulinganisha juma la kwanza na la pili, na Rafiki haikupewa juma la pili.