Kisu cha inoksi na uongo wa sumaku

Sokoni muuzaji anakuambia: "Inoksi ya kweli haishikwi na sumaku." Kwa kijiko, inaweza kuwa kweli. Kwa kisu, hapana.

Mwaka 1912 Krupp ya Ujerumani iliandikisha inoksi yenye krome na nikeli. Ile haigumiki kwa moto, na sumaku haiishiki. Baadaye ikawa ya vijiko na masufuria. Mwaka 1913, kule Sheffield, Harry Brearley alikuwa anatafuta chuma ya mitutu ya bunduki isiyolika haraka. Akapata moja yenye krome karibu 12,8% na kaboni 0,24%. Siki na ndimu haikuiharibu. Ile kaboni njo inafanya chuma igumike ukiichoma na kuipoza haraka, na sumaku inaishika vizuri. Mafundi wa visu walimcheka, eti ametunga visu visivyokata!

Sumaku peke yake haitoshi, lakini kisu ambacho haigusi hata kidogo mimi ninakiacha. Kisha mpini: chuma ifike mpaka mwisho, riveti zikaze, pasiwe nafasi kati ya ubao na chuma. Maji ya sombe ikiingia mule, ubao unaoza na kisu kinachomoka mkononi.