Walatino wa Marekani na njia ya kufika chuo

Jitihada za kuwasaidia wanafunzi Walatino kufika chuo nchini Marekani zinahusu vijana wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Amerika ya Kati na Amerika Kusini. Walimu, wazazi, mashirika na serikali huwasaidia kuomba nafasi, kupata fedha za masomo na kumaliza digrii. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 62.1 wa asili hiyo, karibu mmoja katika kila wakazi watano wa nchi. Kwa Walatino wenye umri wa miaka 25 na zaidi, takriban mmoja kati ya watano ana digrii ya kwanza. Kwa Wazungu ni kama wawili kati ya watano. Wapo wanaodai kwamba pengo hili linatokana na familia kutothamini elimu. Dai hilo si la haki, na kumbukumbu za mahakama zinalikanusha.

Historia

Huko Orange County, California, watoto wenye asili ya Meksiko walikuwa wakitengewa shule zao. Mwaka 1945 Gonzalo na Felicitas Mendez, waliokuwa wakilima shamba la kukodi Westminster, waliungana na familia nyingine nne kuzishtaki wilaya nne za shule. Walishinda mwaka 1946, na mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu mwaka uliofuata, miaka saba kabla ya Mahakama Kuu ya Marekani kupiga marufuku ubaguzi wa shule nchi nzima.

Kukaa darasa moja hakukuleta masomo sawa. Katika shule za sekondari za mashariki mwa Los Angeles, wavulana walisukumwa kwenye karakana na wasichana kwenye upigaji chapa, na wengi hawakuwahi kuulizwa kama wanataka chuo. Machi 1968 maelfu ya wanafunzi walitoka madarasani wakidai, miongoni mwa mengine, masomo ya kuwaandaa kwa chuo na washauri wa kutosha. Mwalimu wao, Sal Castro wa Lincoln High School, alisimama nao, akakamatwa pamoja na wenzake 12. Mashtaka yalikuja kufutwa.

Upande wa New York, Antonia Pantoja, mzaliwa wa Puerto Rico, alikwishaanzisha shirika la ASPIRA mwaka 1961. Lilifungua vilabu vya vijana shuleni, likawapa ushauri wa chuo na kuwalea wawe viongozi wa jamii yao. Serikali ya shirikisho ilianzisha mpango wa Upward Bound katikati ya miaka ya 1960 kwa vijana wa familia maskini wa asili zote, na mwaka 1972 ukaja mpango wa kuwashika mkono watoto wa vibarua wa mashambani katika mwaka wao wa kwanza chuoni. Hao ni watoto waliokuwa wakihama shule kila familia ilipofuata mavuno.

Garfield

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Jaime Escalante, mwalimu kutoka Bolivia aliyefika Marekani miaka ya 1960, akapiga deki na kupika mgahawani huku akisoma upya ili apate kibali cha kufundisha. Mwaka 1974 aliajiriwa Garfield High School, Los Angeles. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifanya mtihani wa kalkulasi wa ngazi ya chuo, wakafaulu wote. Taasisi iliyosimamia mtihani iliwatuhumu 14 kati yao kwa udanganyifu, kwa sababu majibu yao yalifanana. Wanafunzi 12 walikubali kurudia, nao wakafaulu tena.

Filamu ya mwaka 1988, Stand and Deliver, ilimpa Escalante sifa anayoistahili, ila imewafanya wengi waamini kwamba mwalimu mmoja mwenye moyo anatosha. Ukweli una mafunzo zaidi. Escalante alikuwa na mwenzake, Ben Jiménez, na mkuu wa shule, Henry Gradillas, aliyewalinda. Walijenga ngazi ya hesabu kuanzia madarasa ya chini, na vijana walisoma hata likizo ya kiangazi katika chuo cha jirani. Ilichukua miaka. Watu hao walipoondoka, Escalante mwenyewe akiondoka mwaka 1991, idadi ya waliofaulu ilishuka sana. Vipaji vya watoto wa Garfield vilibaki palepale. Kilichovunjika ni ule mfumo uliowabeba.

Fedha na karatasi

Kijana wa kwanza katika ukoo kusoma chuo hana wa kumuuliza nyumbani. Msaada wa fedha wa serikali huombwa kwa fomu iitwayo FAFSA, inayotaka taarifa za kodi za wazazi. Mara nyingi mtoto wa miaka 17 hukaa mezani na mama yake, akimtafsiria maswali ya mapato ambayo hata yeye hayaelewi kwa Kiingereza. Fomu mpya iliyotoka mwishoni mwa 2023 ilikuwa na hitilafu: kwa miezi kadhaa, wazazi wasio na namba ya hifadhi ya jamii hawakuweza kukamilisha sehemu yao, ingawa watoto wao ni raia na wana haki kamili ya msaada.

Wasio na hati za ukaazi wana mzigo mzito zaidi. Hukumu ya Plyler dhidi ya Doe ya mwaka 1982 iliwahakikishia shule ya msingi na sekondari, lakini haikugusa chuo, na msaada wa shirikisho hawaupati. Mwaka 2001 Texas na California ziliwaruhusu kulipa ada ya mkazi wa jimbo. Texas, jimbo la mwanzo kufanya hivyo, ilikubali sheria yake ibatilishwe Juni 2025, muda mfupi baada ya serikali ya shirikisho kuishtaki.

Hadi kumaliza

Walatino wengi huanzia vyuo vya jamii vya miaka miwili, ambavyo ni nafuu na viko karibu na nyumbani. Hatari iko kwenye kuhamia chuo cha miaka minne, kwa kuwa wengi hukwama hapo. Mwaka 1981, katika Chabot College mjini Hayward, mwalimu wa Kiingereza Patricia McGrath na mshauri Felix Galaviz walianzisha Puente. Mwanafunzi husoma uandishi mwaka mzima pamoja na wenzake walewale, kwa vitabu vya waandishi Walatino, huku mshauri mmoja akimfuatilia na mtu mzima mwenye taaluma kutoka jamii yake akimlea. Mpango huo umeenea California na kufika shule za sekondari. Mipango inayodumu huwaita pia wazazi, kwa Kihispania, wakaone mabweni na kuuliza kuhusu madeni, kwani binti anayelea wadogo zake haondoki nyumbani bila baraka zao.

Tangu 1992 sheria ya shirikisho inavitambua vyuo ambavyo angalau asilimia 25 ya wanafunzi wake wa digrii ya kwanza ni Walatino, na sasa vinazidi 500. Ruzuku zao zimelipia maabara, wakufunzi na washauri kwa wanafunzi wa asili zote. Septemba 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kusitisha sehemu kubwa ya fedha hizo, kwa hoja kwamba kigezo cha asilimia 25 kinakiuka katiba.